Kushoto kwa Nani? Fundisho la Rali ya Mezani

Maneno haya yalisemwa na mama mmoja Mkongomani anayeishi Uingereza, alipotembelea jamaa za waliohamishwa na vita pamoja na viongozi wao katika Kivu ya Kaskazini. Aliomba jina lake lisiandikwe. Tumeyaandika karibu sawa na alivyoyasema, pamoja na maswali ya kujadiliana mwishoni.



Nilipoombwa kusema mbele yenu niliogopa. Mambo ya kukimbia mnayajua kuliko mimi. Mimi leo nalala katika nyumba yenye mlango na kufuli. Wengi wenu, mwanzoni mwa mwaka 2025, kambi zilizozunguka Goma zilipobomolewa, mlibeba tena mizigo yenu kichwani. Siwezi kuja hapa kuwafundisha uvumilivu. Kwa hiyo nimekuja na kitu kidogo tu: nimekuja na mchezo. Nilijifunza mchezo huu Uingereza, mezani, wakati wa baridi, na ulinieleza jambo moja la jamaa yetu ambalo kwa miaka mingi hakuna mtu aliyeweza kunieleza.

Rali isiyo na gari

Vijana wanajua rali ni nini: ni mashindano ya magari. Ndani ya kila gari mna watu wawili. Dereva anashika usukani. Mwenzake anashika ramani, ile ambayo sisi tunaiita karte, na kumwambia dereva wapi pa kupinda. Uingereza kuna rali ndogo za usiku, za magari yasiyozidi 12, ambako anayeshinda si yule anayekimbia sana bali yule anayesoma ramani vizuri. Waandaaji hawaitaji njia waziwazi. Wanaificha ndani ya mafumbo, na mwenye ramani anapaswa kuyafumbua huku gari linakwenda.

Sasa, ili watu wajizoeze, klabu za magari zina desturi ya rali ya mezani. Hakuna gari linalotoka. Watu wanakaa wawili wawili. Kila meza ina ramani moja, karatasi ya mafumbo, kalamu ya risasi na kifutio. Mnafumbua fumbo, mnachora njia yenu juu ya ramani. Mwishoni mwandaaji anawauliza: Mlikata mistari gani? Mlipita namba zipi? Mlikuta kanisa la namna gani? Aliyefuata njia ya kweli, majibu yake yanamshuhudia. Aliyepotea, majibu yake yanamshuhudia vilevile. Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipofunga watu majumbani na rali za barabarani zikasimama, mchezo huu wa mezani ndio uliosaidia klabu nyingi kuendelea.

Mtauliza, mkimbizi wa Masisi alifikaje kwenye meza hiyo? Nilitoka Kongo nikiwa mtoto, nikakaa miaka mingi katika kambi Uganda. Baadaye nilipelekwa Hull, mji wa bandari upande wa kaskazini-mashariki ya Uingereza, kwa mpango ulioitwa Gateway. Mpango huo ulianza mwaka 2004, na Wakongomani wengi walipitia humo kwenda miji kama Hull na Sheffield. Nilipata kazi ya kusafisha mabasi usiku. Dereva mmoja, mzee aliyekuwa karibu kustaafu, aliona kwamba kila siku napotea njia ya kurudi nyumbani. Akaniambia, "Mama, njoo Jumatano kwenye klabu yetu. Utajifunza njia ukiwa umekaa kwenye kiti." Nilicheka. Lakini nilikwenda, maana chumba chao kilikuwa na joto.

Ramani na namba zake

Siku ya kwanza waliweka mbele yangu karatasi kubwa. Serikali ya Uingereza ina ofisi ya ramani, Ordnance Survey, iliyoanzishwa mwaka 1791 kwa sababu za vita: walitaka majeshi yajue nchi. Leo ramani hizo zinauzwa dukani, na mtu yeyote ananunua. Zile za rali ni za kipimo cha 1 kwa 50,000. Maana yake, sentimeta 2 kwenye karatasi ni kilometa 1 kwa miguu yako. Nchi yao yote bara inaenea katika karatasi 204. Yetu ilikuwa namba 107, ya Hull na vijiji vyake.

Juu ya ramani kuna mistari ya buluu iliyosimama na iliyolala, inayogawa nchi yote katika miraba ya kilometa moja. Kila mstari una namba yake. Kwa hiyo mahali popote panaweza kuitwa kwa namba sita. Tatu za kwanza zinakupeleka upande wa mashariki, tatu za mwisho zinakupandisha kaskazini. Ndiyo desturi, na haigeuzwi: kwanza kwenda kando, ndipo kupanda. Ukiwa na namba hizo sita, umebana mahali katika mraba wa meta 100 kwa meta 100. Hapo mtu anaweza kukuona na kukuita.

Mimi siku hiyo nilizigeuza. Nilipanda kwanza, kisha nikaenda kando. Mahali petu pa kuanzia pakatoka nje ya karatasi kabisa! Mzee hakunicheka. Aliniambia tu kwamba namba ni zilezile, ila desturi ya kuzisoma ni moja, na wote waliokaa humu chumbani wameikubali. Mtu akija na desturi yake peke yake, hata akiwa na akili nyingi, hatakutana na wenzake.

Fumbo la mfupa wa samaki

Sasa naomba nafasi hapa chini nichore kwa fimbo. Tazameni. Huu ni mstari mmoja ulionyooka, na huku na huku naweka vijiti vifupi. Unafanana na nini? Naam, mfupa wa samaki. Ndivyo wanavyouita hata wao.

Mstari huu ulionyooka ni safari yako, kutoka mkiani mpaka kichwani. Katika barabara ya kweli kuna kona mia, kuna mlima na bonde, lakini hapa zote zimenyooshwa. Vijiti hivi ni njia ambazo hukuzishika. Kijiti kikiwa upande wa kushoto, ni njia uliyoiacha kushoto kwako. Kikiwa upande wa kuume, uliiacha kuume.

Tufanye mfano. Umefika penye njia nne. Moja ni ile uliyotoka nayo, basi zimebaki tatu. Ukienda mbele moja kwa moja, umeacha moja kushoto na moja kuume. Ukipinda kuume, umeacha mbili, na zote mbili ziko kushoto kwako. Ukipinda kushoto, hizo mbili ziko kuume. Mmeona? Fumbo halikuambii "pinda". Linakuambia tu ulichokiacha, na kwa kujua ulichokiacha unatambua unakokwenda.

Hili lilinigusa sana. Sisi watu wa vita tunapohadithia safari yetu, tunataja njia tuliyoshika tu. Tulitoka hapa, tukafika pale, tukateswa na fulani. Lakini pembeni mwa kila safari kuna vijiti: jirani aliyebaki, ng'ombe aliyeachwa, shamba ambalo leo mwingine analilima, rafiki wa kabila lingine aliyetuficha usiku mmoja na ambaye hatumtaji tena. Hadithi isiyo na vijiti hivyo haiwezi kulinganishwa na ramani. Kiongozi anayeihadithia hivyo kwa vijana anawapa mstari mtupu, na kwa mstari mtupu mtu anaweza kwenda popote, hata kwenye kisasi.

Futa, rudi mahali pa hakika

Mfupa wa kwanza tulioufumbua ulikuwa na njia panda tisa. Tulikwenda vizuri mpaka ya tano. Hapo fumbo lilisema tuache njia moja kuume, na kwenye ramani kuume hapakuwa na njia. Mimi nilifanya kama wanavyofanya wageni wote. Nilisema fumbo limekosewa. Halafu nilipoona kijinjia chembamba mbele kidogo, nilisema labda ndicho hicho. Tukaendelea. Ya sita ikakataa. Ya saba nikailazimisha.

Mzee akaweka kidole chake juu ya kalamu yangu. Akauliza, "Mahali gani pa mwisho ambapo tulikuwa na hakika wote wawili?" Tukatazama. Haikuwa ya tano. Ilikuwa ya kwanza! Kosa lilikuwa kwenye njia panda ya pili, ambako kila kitu kilionekana kufanana. Akachukua kifutio akafuta kazi yote ya nusu saa.

Ndugu zangu, kufuta kunauma. Nilitaka kuokoa angalau kipande kidogo cha ile njia. Lakini sheria ya mchezo huu ni kwamba kosa halionekani pale lilipofanyika. Linaonekana mbele, baada ya njia panda mbili au tatu, na kadiri unavyolazimisha ndivyo unavyozidi kwenda mbali. Ndiyo sababu wanatumia kalamu ya risasi wala si wino. Wahenga wetu walisema kupotea njia ndiyo kujua njia, lakini hiyo ni kwa mtu anayekubali kwamba amepotea.

Katika kamati zetu, mara nyingi ugomvi wa leo juu ya maji au juu ya orodha ya chakula si ugomvi wa leo. Tukilazimisha leo, kesho unatoka ugomvi mwingine. Ulizeni swali la yule mzee: mahali gani pa mwisho ambapo pande zote mbili tulikuwa na hakika? Rudini hapo, mwanze tena pamoja.

Nukta na mshale

Sasa nafika kwenye jambo lililonileta.

Kuna fumbo lingine, la michoro midogo. Kila njia panda imechorwa peke yake, vijistari vitatu au vinne vinavyokutana. Kwenye mguu wa mstari mmoja kuna nukta nene, na kwenye mwisho wa mwingine kuna kichwa cha mshale. Nukta maana yake: hapa ndipo unapotokea. Mshale maana yake: huku ndiko unakokwenda. Michoro hii inaitwa tulipu, kwa jina la ua, kwa sababu ilitokana na rali ya Uholanzi inayoitwa Tulpenrallye, ambayo ilifanyika mara ya kwanza mwaka 1949.

Usiku mmoja mwandaaji wetu alikuwa na hila. Aliondoa nukta zote, akaacha mishale tu. Mimi na mzee tulikuwa tumekaa tukielekeana, meza katikati. Nilisema, "Hapa tunapinda kushoto." Akasema, "Hapana, tunapinda kuume." Mshale ulikuwa mmoja, tunauona wote wawili. Tukabishana mpaka meza ya pili wakatugeukia. Mwishowe akazunguka meza, akaja akasimama nyuma ya kiti changu. Akacheka, akasema, "Wewe unaingia kwenye njia panda kutoka upande wako. Mimi naingia kutoka upande wangu. Hakuna nukta."

Sikucheka. Niliweka kalamu chini na kutoka nje.

Nitawaambia kwa nini. Mwaka 1996 nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kijiji chetu kiko katika milima ya Masisi. Siku vita ilipofika, mama alikuwa sokoni, ng'ambo ya kilima, na mdogo wetu mgongoni. Baba hakuweza kwenda kumtafuta, kwa kuwa tulikuwa watoto wanne mikononi mwake. Akamtuma kijana wa jirani akimbie kwa njia ya mkato. Nilisikia kwa masikio yangu maneno aliyompa: "Mwambie mama asirudi nyumbani. Afike penye njia nne kwenye mikaratusi, ashike njia ya kushoto. Atatukuta mbele."

Kijana alifika. Alimpata mama, akamwambia maneno yaleyale, hakupunguza wala hakuongeza. Sisi tulitoka kijijini, tukafika kwenye mikaratusi, tukashika kushoto. Mama alitoka sokoni, akafika kwenye mikaratusi ileile, akashika kushoto. Chukueni fimbo mchore wenyewe. Sisi tulitokea chini, yeye alitokea juu. Kushoto kwetu kulikwenda upande wa machweo. Kushoto kwake kulikwenda upande wa mawio.

Tulionana baada ya majuma matano, katika uwanja wa shule moja. Mama alikuwa peke yake. Mgongoni hapakuwa na mtu.

Tangu siku ile mpaka baba alipofariki kambini Uganda, neno hili halikutoka nyumbani mwetu. Baba alisema, "Nilisema kushoto." Mama alisema, "Nilishika kushoto." Baba alifikiri mama hakusikiliza. Mama alifikiri baba alidanganya, au kwamba yule kijana aligeuza maneno kwa sababu hakuwa wa kabila letu. Jamaa ya kijana ilisikia hivyo, nayo ikachukia. Uchungu wa mtoto mmoja ukawa ugomvi wa nyumba mbili.

Usiku ule wa rali nilimpigia mama simu. Nilimwambia achukue karatasi achore njia nne, aweke nukta pale alipotokea yeye, na nukta nyingine pale alipotokea baba. Alikaa kimya muda mrefu nikadhani simu imekatika. Halafu akasema, "Basi wote tulisema kweli. Na yule kijana naye." Kesho yake alituma mtu kwa jamaa ya yule kijana kuomba msamaha.

Kwa wazee na viongozi

Wazee wangu, mnapokaa kusikiliza mashauri ya mashamba, mara ngapi mmesikia mtu akisema mpaka uko kushoto mwa mto? Na mwingine anaapa kwamba uko kuume? Wote wawili wanatokwa jasho, na watu wao wako nyuma yao. Kabla ya kumwita mmoja mwongo, muulize: ulikuwa umesimama wapi? Ulikuwa unatokea wapi?

Wachoraji wa ramani walikwisha kuona shida hii, wakaweka desturi moja duniani kote. Ukingo wa kushoto wa mto ni ule ulio kushoto kwako unapotazama kule maji yanakokwenda. Mto ndio unaotoa nukta. Ninyi mnaweza kuweka desturi kama hiyo kwa neno moja kabla shauri halijaanza: tunazungumza tukitazama maji yanakokwenda. Au achaneni na kushoto na kuume, tumieni vitu visivyogeuka pamoja na mtu: upande wa mawio, upande wa ziwa, upande wa Nyiragongo. Mtu akigeuka, kushoto kwake kunageuka naye. Mlima haugeuki.

Neno la pili. Katika rali ya mezani, karatasi ya maagizo inataja ramani ya namba fulani, ya toleo fulani. Mkiwa na ramani ya namba ileile lakini ya mwaka mwingine, njia mpya haimo, na mtabishana bila mwisho. Ramani nyingi za serikali za nchi yetu zilipimwa kabla ya Uhuru wa mwaka 1960. Upande mwingine, mwaka 2018, Ebola ilipotokea Kivu ya Kaskazini na Ituri, wajitolea wengi walichora barabara na nyumba zetu kwa kutazama picha za setilaiti, wakaziweka kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo kila mtu anaweza kuitazama bila malipo. Ile ya kwanza inaonyesha vijiji vya mababu. Hii ya pili inaonyesha mapaa ya juzi. Hakuna hata moja inayosema shamba ni la nani. Basi katika shauri, ulizeni kwanza: ramani iliyo kichwani mwako ni ya mwaka gani? Mmoja anasema habari za 1970, mwingine za 1994, mwingine za baada ya kurudi. Andikeni mwaka kando ya kila neno, ndipo mlinganishe.

Kwa jamaa

Wamama na wababa, hatujui kesho. Kwa hiyo naomba leo jioni, kabla ya kulala, mfanye haya.

Kwanza, kila mtoto ajue jina lake lote, la baba na la mama, kijiji, usultani na teritwari. "Nyumbani kwetu ni pale juu" si jina. Hizo ndizo namba zake sita.

Pili, patanisheni mahali pa kukutana mkitengana, na pa pili kama pa kwanza pamefungwa. Mkitaja njia, semeni daima pa kutokea: "Ukitoka sokoni." "Ukitoka kisimani." Agizo lisilo na pa kutokea ni mchoro usio na nukta.

Tatu, unayemtuma arudie maneno mbele yako, kisha mwulize yatasikikaje kwa yule anayetokea upande mwingine. Kuuliza si ujinga.

Nne, mkipoteana, nendeni kwa Msalaba Mwekundu. Wana kazi ya kutafuta watu wa jamaa waliotengana na vita, na hawadai malipo. Watawauliza maswali mengi ya majina na mahali. Msichoke. Wanatafuta mahali pa mwisho pa hakika.

Na neno moja la tahadhari. Mahali penye silaha, mtu mwenye ramani mkononi anaweza kudhaniwa mpelelezi. Kwa hiyo msichore kambi za askari wala vizuizi, msitembee na michoro, na mkitaka kuchora jambo kubwa la kijiji, waarifuni kwanza wenye mamlaka. Kwa mchezo wetu mchanga unatosha, na mchanga unafutika.

Namna ya kucheza hapa

Vijana, nawaachia mchezo. Chukueni fimbo mchore juu ya udongo njia kumi zinazokatana, ambazo hazipo popote duniani. Jiwe ni kanisa, jani ni soko, kifuniko cha chupa ni kisima. Kaeni wawili, wasiotoka jamaa moja, na ikiwezekana wasiotoka kijiji kimoja. Mmoja achague safari moyoni mwake, aitunge kama mfupa wa samaki, ataje tu njia anazoziacha: moja kushoto, mbili kuume, na kuendelea. Mwenzake afuate kwa kidole. Sheria ni mbili: hakuna kupita njia moja mara mbili, na ukipotea unarudi mahali pa mwisho pa hakika, si vinginevyo. Mkimaliza, badilishaneni upande wa kukaa, mfanye safari ileile kutoka mwisho kwenda mwanzo. Mtaona kila kushoto kumekuwa kuume.

Rafiki yangu yule mzee amestaafu sasa. Bado tunakaa meza moja baridi ikianza. Hatujawahi kuwa wa kwanza. Lakini kabla ya fumbo lolote ananiuliza, "Mama, tunatokea wapi?" Na mimi simjibu mpaka nimezunguka meza nikasimama upande wake.

Mungu awatunze katika njia zenu, na wale mnaowatafuta muwaone.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Je, kuna ugomvi katika jamaa yako au katika mtaa wako ambao pengine pande zote mbili zinasema kweli? Kila upande ulikuwa unatokea wapi?

2. Katika hadithi ya kukimbia kwenu, ni watu gani na vitu gani viko pembeni mwa njia ambavyo hamvitaji? Kwa nini?

3. Katika kamati yenu, mahali gani pa mwisho ambapo wote mlikuwa na hakika? Ni kitu gani kinawazuia kurudi hapo?

4. Watoto wako wakitengana nawe leo, watasema wanatoka wapi? Waulize leo jioni, usikilize wanavyojibu.